Mama Waya na Sauti Iliyokatwa

Waliompa jina la Mama Waya hawakumsingizia. Kwa zaidi ya miaka ishirini ungemkuta na waya shingoni, ekstensheni mkononi na kipande cha utepe wa gundi kimemganda kwenye kiwiko, kiguu na njia kati ya vyumba vya juu na ukumbi wa chini wa nyumba ya wasanii. Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ghala la soda. Kuta nene, madirisha yamepakwa rangi nyeusi ili mwanga usiharibu picha za projekta, na sakafu ya mbao ambayo ukiikanyaga kwa viatu vigumu, msanii wa chumba cha pili anachungulia kukuuliza unajenga nini. Wasanii walikuja humo kwa miezi kadhaa, wakapewa kitanda, meza na umeme wa uhakika, wakatengeneza vitu ambavyo jirani yao, mwenye duka la vipuri, hakuwahi kukubali kwamba ni sanaa: ukuta unaoongea, skrini inayokufuata kwa macho, taa inayofifia ukiisogelea. "Hizi ni hitilafu za kawaida," alikuwa akisema huku akiwafungia nyaya walizonunua. "Tofauti ni kwamba nyie mnazipigia makofi."

Kwenye karatasi, Mama Waya alikuwa msimamizi wa maonyesho. Mdogo wake, msusi aliyekuwa akiishi naye, alishachoka kuwaeleza wateja wa saluni maana ya kazi hiyo, akawa anasema tu kwamba dada yake ni mwalimu. Hakuwa mbali na ukweli. Mama Waya ndiye aliyechagua nani aje, akakaa naye, akamsikiliza wiki baada ya wiki, akamwambia lililo jema na lililo baya kabla watu wa nje hawajafunguliwa mlango. Kila Ijumaa jioni taa za ukumbini zilizimwa, msanii mmoja akaonyesha alipofikia, na hakuna aliyeruhusiwa kufungua mdomo kabla ya Mama Waya. Naye hakuwa na pupa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, amefumba macho kama kazi ni ya sauti, mpaka wengine wakaanza kukohoa na kutazamana gizani. Halafu akasema. Aliwahi kumwambia mwanamume mzima mwenye ndevu zake kwamba kazi yake inajipenda yenyewe kuliko inavyowapenda watazamaji. Mwanamume akanuna, akagoma kula, akapakia begi, akalipakua, akairudia kazi tangu mwanzo. Mpaka leo anampigia simu kila akipata mtoto.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote kwa sababu haikuhitaji kuandikwa: kazi ambayo haijaisha haitoki chumbani. Si picha yake, si sauti yake, hata porojo zake za mezani marufuku. Mtu anayetengeneza kitu cha kweli hutoa mambo ambayo hajamwambia hata aliyemuoa. Asipokuwa na hakika kwamba mlango umefungwa, atakutengenezea pambo la ukutani.

Kisha akaja Mkuu mpya. Laiti angekuwa mtu mbaya, Mama Waya angemchukia akapata nafuu. Lakini alikuwa kijana mpole, mwenye kuamkia wazee, aliyeipenda nyumba ile kwa dhati na kuhangaika usiku na mchana isije ikafungwa. Tatizo lake lilikuwa kwamba alijua namna moja tu ya kuiokoa. Wafadhili, alisema, hawasomi tena kurasa za maelezo. Wanataka kuona. Wanataka kuona leo, na kesho waone tena. Hivyo wasanii wakaanza kuchaguliwa kwa kura za mtandaoni. Kikao cha Ijumaa kikafutwa kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya kupeleka takwimu. Na Mama Waya akakabidhiwa simu ya kazi yenye kijiti cha kuishikia, akaitwa mratibu wa maudhui, akaambiwa kila siku apite vyumbani achukue video fupi za sekunde thelathini, zisizidi, zenye sauti ya asili.

"Za kazi ambazo hazijaisha?" aliuliza.

"Ndizo zenyewe, Mama. Watu wanapenda kuona mchakato. Ikishakamilika wanaona kawaida."

"Na msanii je?"

"Wamesaini wote. Na wewe una jicho, Mama. Nikimpa kazi hii mtu mwingine atatuletea picha za dari."

Alibisha siku ile, akabisha na wiki iliyofuata, kisha akaacha. Atakwenda wapi? Hakukuwa na nyumba nyingine ya namna ile ya kukimbilia, na kwa umri wake asingeanza kujifunza kusuka. Akazoea. Tuseme tu ukweli, alianza hata kuona raha kidogo pale video zake zilipopendwa, na hiyo ndiyo sehemu ambayo baadaye ilimuuma kuliko zote.

Nesi alikuja wakati huo. Alikuwa nesi kweli, wa wodi ya wazee, aliyechukua likizo isiyo na mshahara baada ya kumzika baba yake. Alifika na begi moja la nguo na mfuko uliojaa spika ndogo alizozing'oa kwenye simu mbovu. Baba yake, dereva mstaafu, alipoanza kupofuka hakuweza tena kuandika ujumbe, akawa anamtumia bintiye sauti. Asubuhi salamu, mchana malalamiko, jioni dua. Nesi alifanya kazi mbali, na kwa miaka mitatu ndiyo ilikuwa namna yao ya kuwa pamoja. Sasa alitaka kuzitundika sauti zile kwenye chumba kitupu, kila moja kwenye spika yake, kwa uzi mwembamba kutoka darini, usawa wa sikio. Chini ya kila spika kuna kidude kinachohisi mtu. Ukisogea karibu sana, mzee anaongea, tena kwa sauti ndogo. Ukirudi nyuma, ananyamaza. Ilikuwa lazima uinamishe kichwa na utulie ndipo umsikie, vilevile Nesi alivyokuwa akiwainamia wagonjwa wake.

Mama Waya alipoelezwa, moyo ulimdunda kama zamani. Alijua palepale kwamba hii ni kazi, si pambo.

"Nitakuja nikae nayo vizuri," alimwambia.

"Njoo, Mama. Kuna moja inanisumbua. Ile ya dirishani. Sijui niiache au niitoe. Nataka uisikie wewe kwanza."

"Kesho, mwanangu."

Kesho kulikuwa na wageni wa bodi. Kesho yake mashine ya kuchapa iligoma. Nesi alimkuta ngazini, akamkumbusha. Akamkuta jikoni anasubiri birika, akamkumbusha tena, mara hii kwa aibu, maana mtu hapendi kuomba kitu kimoja mara nyingi. Mama Waya wa kikao cha Ijumaa angeiacha hata chai ikimwagika akapanda juu. Huyu wa sasa alikuwa na vyumba vinane vya kupiga picha kabla ya chakula cha mchana, akampigapiga Nesi begani na kusema hajamsahau.

Siku yenyewe Nesi alikuwa ameshuka kwa jirani kununua risasi ya kulehemu. Mlango aliurudishia tu, kwa sababu katika nyumba ile hakuna aliyewahi kufunga kwa ufunguo. Ndani alikuwa amefungua dirisha kutoa moshi, na jua la asubuhi lilipenya likakata chumba katikati, vumbi likielea ndani yake, nyuzi zote zikimetameta. Mama Waya alisimama mlangoni, akashukuru bahati yake. Picha kama ile hupati mara mbili. Akajongea mpaka kwenye spika ya dirishani kwa sababu ndiko kulikokuwa na mwanga, akainua simu, akabana pumzi mkono usitikisike.

Spika ikamhisi. Mzee akaanza kuongea, karibu kabisa na sikio lake la kushoto.

Mama Waya alitazama uzi. Alitazama namna uzi ulivyotetemeka kidogo kila mzee alipotamka neno, akasogeza kidole kwenye kioo ili uonekane vizuri zaidi. Aliangalia ukingo wa dirisha usiingie kwenye picha. Mzee aliongea mpaka akamaliza, spika ikanyamaza, Mama Waya akarudi nyuma kwa kunyata. Ngazini aliikata video ibaki sekunde thelathini za mwanzo, ambako uzi ulitulia vizuri, akaandika chini yake "Baba anaongea tena", akaituma. Mabaki akayafuta, maana simu ile ilijaa upesi na alishajizoeza kutolimbikiza. Kisha akaenda kuangalia mashine ya kuchapa.

Jumamosi alipita saluni kumpelekea mdogo wake chakula. Mdogo wake alikuwa na kichwa cha mteja mkononi na kitana mdomoni.

"Dada, leo nyumba yenu imewaliza wateja wangu," alisema baada ya kukitema kitana. "Hata mimi. Yule mzee jamani."

Mama Waya akatabasamu. Muda mrefu mdogo wake hakuwa amesema neno zuri kuhusu kazi ile. "Mzee gani?"

"Yule anayefungiwa ndani na mwanawe."

"Anafungiwa?"

"Si wewe uliyerekodi?" Msusi akamgeukia. "Dada. Si wewe uliyerekodi?"

Aliitazama kwenye simu ya mdogo wake, amesimama kati ya madawa ya nywele na taulo zilizoanikwa. Uzi ulitetemeka vizuri sana. Na juu ya uzi, sauti iliyochoka ikasema: "Mwanangu, kaka yako kanifungia mlango tangu asubuhi. Nimeita mpaka nimekauka koo. Maji yameisha. Usimwambie kama nimekwambia, lakini..." Hapo ikakatika, ikaanza upya. Chini yake watu wasiojuana walikuwa wakishindana kumlaani huyo kaka. Mmoja alimtakia afungiwe na wanawe mwenyewe. Mwingine alikuwa ameitambua sauti ya mzee, akaandika kwamba huyo kaka ni fundi cherehani, akataja na mtaa.

Aliporudi alimkuta Nesi amekaa sakafuni katikati ya nyuzi, simu mapajani.

"Siku ile kaka alikwenda kufuata dawa," Nesi alisema bila kumtazama. "Usiku wa kuamkia siku hiyo baba alitoka peke yake, akaokotwa barabarani. Ndiyo maana alifunga. Foleni ilikuwa ndefu, akachelewa. Siku moja tu, Mama. Miaka mitatu kaka ndiye aliyekuwa anamwogesha, anamlisha, mwishoni hata kumgeuza kitandani. Mimi nilikuwa natuma salamu."

"Naifuta sasa hivi."

"Amenipigia. Hajagomba. Ameniuliza kitu kimoja, eti baba alisema hivyo? Mimi ningefanyaje? Nikamwambia alisema. Akakata simu." Akaifunika simu kwa kiganja. "Nilikwambia uje uisikie."

Mama Waya alikaa naye sakafuni. Alitaka kumshika mkono, akaona hana haki hiyo.

Aliifuta video kwenye ukurasa wa nyumba bila kumwomba mtu ruhusa, lakini ilikuwa imeshachukuliwa, imeshapachikwa nyimbo za huzuni, imeshapenya mpaka kwa watu ambao hawajui kama kuna nyumba ya wasanii duniani. Alikwenda kwa Mkuu. Mkuu alisikitika kweli, macho yakamlenga machozi, akaandika maneno ya kuomba radhi na kuyasoma kwa sauti ili Mama Waya ayasahihishe. Halafu, kwa unyonge wa mtu anayeona haya ya habari njema, akamwambia kwamba haijawahi kutokea watu wengi kiasi kile kuitazama nyumba yao. Wafadhili wameongeza mwaka mzima. Bodi inataka kumpandisha Mama Waya cheo, apewe na wasaidizi.

"Kwa video ile?" Mama Waya aliuliza.

"Kwa kazi yako yote, Mama."

"Kazi yangu yote umeifuta wewe."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kwa uchovu tu, akatoka, na wala hakukataa cheo. Hilo nalo lazima lisemwe.

Asubuhi iliyofuata Nesi hakuwepo. Aliacha kitanda kimetandikwa kwa kona kali za hospitali. Sauti zote za baba yake alikuwa amezifuta, kwenye kompyuta ya chumbani na kwenye simu yake pia. Alimtumia Mama Waya ujumbe mfupi kumwarifu, akisema hataki mtu yeyote amsikie tena baba yake, hata yeye mwenyewe. Spika zilibaki zinaning'inia. Mama Waya aliipita moja baada ya nyingine, akiinamisha kichwa, akitulia kama ilivyotakiwa. Vidude vilimhisi, vikawasha vijitaa vyekundu, na hakikutoka kitu. Ile kazi ambayo angekaa nayo Ijumaa nzima gizani, hakuwa amesikiliza hata neno lake moja humo chumbani. Alilia pale, kwa kwikwi, kiasi kwamba msanii wa chumba cha pili alichungulia, akafunga mlango taratibu.

Wiki zilipita, chakula hakipiti. Mdogo wake alimbembeleza, akamtania, akatishia kumnyoa. "Ulitumwa, dada. Ungefanyaje?" Lakini Mama Waya alijua kwamba hakutumwa kutosikiliza. Hilo alilifanya mwenyewe. Mwisho akauliza mtaa, akapanda basi, akaenda kwa fundi cherehani.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Cherehani ilikuwa dirishani, na nyuma yake kamba ndefu ya kutundikia nguo za wateja. Kwenye kamba kulikuwa na sare moja ya shule na vibanio vingi visivyoshika kitu. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Mama Waya alipojitambulisha, fundi alisimama, akampisha kwenye kigoda, yeye akabaki amesimama.

"Nimekuja kuomba radhi," Mama Waya alisema. "Ni mimi niliyeichukua na kuituma. Mdogo wako hakujua."

"Najua. Alinitumia ujumbe."

"Mnaongea?"

"Anatuma. Mimi sijaweza kujibu." Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Dada, mimi sina ugomvi na wewe. Maneno ni ya baba. Si wewe uliyemtia mdomoni."

"Watu wamekutukana bure."

"Watu watachoka. Wameshaanza kuchoka." Akavaa miwani. "Mimi ninachowaza si watu."

Alitoa simu mfukoni, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, akabonyeza. Hakuitafuta, ilikuwa palepale juu. Mama Waya aliutambua ule uzi na ule mwanga, akatamani ardhi immeze.

"Usishangae," fundi alisema. "Nyingine zote mdogo wangu amezifuta. Kwangu baba hakuwa anatuma, tulikuwa tunakaa wote, angenitumia ya nini? Sasa nikitaka kumsikia sina nyingine. Ni hii tu. Kila siku nasema leo siifungui." Aliisimamisha kwa kidole pale mwishoni. "Hapa. Usimwambie kama nimekwambia, lakini. Halafu imekatwa. Ndiwe uliyeikata?"

"Ni mimi."

"Baba hakuwa mtu wa kuishia njiani. Akikusema, mwisho lazima akuwekee kitu. Nimekuwa nasubiri mtu wa kumuuliza. Mdogo wangu nikimuuliza ataniambia la kunifurahisha, na mimi nitajua. Lakini wewe ulikuwepo chumbani. Uliisikia nzima, na huna sababu ya kunidanganya. Baada ya lakini, baba alisema nini?"

Cherehani ya duka la pili ililia kidogo, ikanyamaza. Mama Waya alirudi kwa mawazo chumbani kwa Nesi, kwa nguvu zake zote. Aliuona uzi. Aliliona vumbi linaelea juani, aliuona ukingo wa dirisha aliokuwa akiukwepa, alikihisi hata kidole chake juu ya kioo. Mzee aliongea sikioni mwake kwa muda mrefu, hilo alilikumbuka, kwa sababu mkono ulianza kumchoka na akatamani amalize. Uongo ulimjia wenyewe, mzuri, mfupi, wa kumfaa baba yeyote. Ulikuwa mdomoni tayari. Fundi alimtazama kwa utulivu, kichwa ameinamisha upande mmoja.

"Sikuwa nasikiliza," Mama Waya alisema.

Fundi aliitika kwa kichwa, polepole, zaidi ya mara moja. Akabonyeza simu, baba yake akaanza upya, na Mama Waya akafumba macho akamsikiliza mpaka pale alipomkata.